Kasa Alikuwa wa Nani

Nelma Sagigi alikuwa amewafundisha kazi walimu kumi na mmoja. Hakuna aliyemwita mwalimu wao, maana kwenye karatasi wao ndio waliokuwa walimu na yeye mwalimu msaidizi, lakini mambo yalikwenda hivi: kila baada ya mwaka mmoja au miwili bara, kule Cairns na Brisbane, lilileta kijana mwenye digrii na kofia mpya, Nelma akampokea kwenye kiwanja cha ndege, akamwonyesha darasa, akamweleza ni mtoto yupi analelewa na bibi yake, mzazi yupi hakai mkabala na mzazi yupi, na siku zipi asitegemee kuona mtu darasani kwa kuwa maji yamekupwa na samaki hawangoji kengele. Kijana alipoanza kuelewa, muda wake ulikwisha. Walimkatia keki, akalia, akapanda ndege, na wiki iliyofuata Nelma akaenda kumpokea mwingine. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo.

Basi mwaka huo wakubwa wa elimu wakagundua kwamba Nelma hana cheti.

Ugunduzi huo ulikuja pamoja na mradi. Watoto wa sekondari, badala ya kupelekwa bweni bara na kurudi Krismasi wakiwa wageni kwa mama zao, wangesoma hapo hapo kisiwani kwa mtandao. Mwalimu angekuwa mjini, ndani ya kioo cha kompyuta. Walimu wasaidizi wangekuwa chumbani na watoto. Wazazi walikuwa wameupigania mpango huo miaka mingi, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Ila ilionekana si salama kumwacha chumbani mtu asiye na cheti cha Kufundisha Mtandaoni kwa Ufanisi na Kuwategemeza Wanafunzi Wenyeji. Cheti kilitolewa na chuo kikuu kimoja cha Brisbane, kwa wiki kumi, mtandaoni. Asiyekuwa nacho kufikia Desemba, mlango wa chumba hicho angeuonea nje.

Waliohusika kisiwani walikuwa watatu. Nelma mwenyewe, wifi yake Maletta, mjane wa kaka yake Enosa, mwanamke mwenye ulimi ambao hata kasisi aliukwepa, na Shangazi Dorcas, mwenye miaka sitini na mitatu, aliyewafundisha kusoma wote wawili hao walipokuwa wadogo, na ambaye sasa alitakiwa athibitishe kwamba anaweza kumtegemeza mwanafunzi Mwenyeji, yaani mtoto wa kisiwa chake mwenyewe.

Wiki ya kwanza waliketi barazani kwa Nelma na kompyuta ya shule katikati yao. Dokta Rosalind Thwaite, mkuu wa kozi, aliwakaribisha kwenye video akiwa amesimama mbele ya mti, akiongea polepole kama mtu anayemwelekeza kiziwi njia ya stesheni. Alisema kozi yake si darasa, ni duara. Kisha likaja swali la kwanza: *Fikiria mwanafunzi Mwenyeji anayeishi mahali pa mbali. Jaribu kuvuta picha ya changamoto zake. Andika maneno mia mbili.*

"Wifi," Maletta aliuliza, "mahali pa mbali ni wapi?"

"Brisbane," Nelma akajibu.

"Basi maskini wa Mungu. Tuandike nini, kwamba hana samaki?"

Shangazi Dorcas alisema wasifanye mzaha na kazi ya shule. Akavaa miwani, akaamuru Nelma aandike kwamba changamoto kubwa ya mwanafunzi huyo ni kuulizwa maswali na watu wasiomjua. Alipata alama saba kwa kumi. Msahihishaji alimshauri ajaribu kujiweka zaidi kwenye nafasi ya mwanafunzi.

Kozi iliendelea hivyo, na ni lazima iwe wazi kwamba msaada haukukosekana. Msaada ulikuja kama mvua ya masika. Mnara wa simu ulipolala siku nne kwa sababu ya upepo, ulipoamka walikuta kila mmoja ana ujumbe: *Tumeona hujaingia kwenye duara letu kwa siku nne. Je, uko salama?* Shangazi Dorcas, ambaye alilelewa vizuri, alijibu kwamba yuko salama, akauliza na wao wako salama, na mafua ya Dokta aliyoyaona kwenye video ya pili yameendeleaje. Jibu lilirudi papo hapo kwamba anwani hiyo haipokei barua.

Binadamu alikuwa mmoja tu, naye aliitwa Garrick. Chuo kilimwajiri awe mtu wa msaada wa wanafunzi Wenyeji wote, na wanafunzi hao walikuwa mia nne na kumi na wawili. Alizaliwa Townsville, lakini siku ya kwanza alipopiga simu Shangazi Dorcas alimhoji dakika arobaini mpaka akamtambua bibi yake, aliyetoka kisiwa cha magharibi na kuolewa bara. Toka hapo hakuwa tena ofisa, alikuwa mpwa, na alipokosa kupiga simu wiki moja alikemewa kama mpwa.

Wiki ya nne ndiyo iliyoleta balaa. Somo lilikuwa kujifunza kwa pamoja. Kurasa nyingi nzuri zilieleza kwamba katika jamii za Wenyeji maarifa si mali ya mtu mmoja, hujengwa na wengi wakiwa wamekaa pamoja, na kwamba mwalimu mwenye kuwalazimisha wanafunzi wafanye kazi kila mtu kivyake anaendeleza dhuluma ya ukoloni. Huo ulikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Ukurasa wa thelathini na mbili ulikuwa na kazi ya kukusanya: *Kwa kutumia mfano kutoka uzoefu wako, eleza utakavyowawezesha wanafunzi Wenyeji kujifunza kwa pamoja mtandaoni. Kila mwanafunzi afanye kazi hii peke yake.*

Maletta aliisoma mara mbili. "Kujifunza kwa pamoja, peke yako," alisema. "Ni kama kufunga ndoa peke yako."

Lakini hilo halikuwa tatizo lenyewe. Tatizo lilikuwa tarehe. Kazi ilitakiwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na Ijumaa hiyo ndiyo siku ya kufunua jiwe la kaburi la Enosa.

Enosa alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, moyo ulimsimama akiwa anafunga boti. Kuzika ni kuzika tu. Marehemu hajapumzika na walio hai hawajapumzika mpaka jiwe lifunuliwe. Maletta alikuwa amengoja miaka hiyo mitatu, jiwe likichongwa Cairns, likija kwa meli ya mizigo, likikosa meli, likija tena. Ndugu walikuwa wanatoka visiwa vitano na miji mitatu. Nguruwe walishahesabiwa. Wifi zake Maletta walikuwa wakishona magauni ya kitambaa kimoja tangu Pasaka.

Akaomba aongezewe muda. Palikuwa na fomu ya jambo hilo, na fomu ilikuwa na huruma nyingi. Ilianza na pole. Ikauliza uhusiano wake na marehemu, akajaza mume. Ikauliza tarehe ya kifo, naye alipoijaza, kisanduku kikawa chekundu. Hakikukubali kurudi nyuma zaidi ya siku thelathini.

"Kinasema tarehe si sahihi," Maletta alisema.

Nelma alijaribu na yeye. Kikawa chekundu tena.

"Basi nimwambie afe upya," Maletta akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu. "Alikuwa mtu msikivu. Nikimwomba vizuri hatakataa."

Nelma aliufunga mfuniko wa kompyuta, akampa wifi yake kikombe cha chai, wakamtazama mbuzi wa jirani akila kamba ya nguo.

Walimpigia Garrick. Garrick alijua kufunua jiwe ni nini. Jiwe la bibi yake mwenyewe lilifunuliwa mbele ya macho yake. Akawaandikia wakubwa wake, akapanda ngazi tatu za ofisi, na siku ya tatu akaleta jibu kwa aibu. Chuo kinaheshimu sana desturi za visiwani, na kinasikitika sana, lakini mfumo hautambui kifo cha zamani. Ikiwa kuna aliyekufa karibuni, waambatanishe cheti.

"Shangazi, nimewaangusha," Garrick alisema.

"Hujatuangusha, mwanangu," Dorcas akamjibu. "Wewe ni mmoja na ile ni fomu."

Wakaamua kuifanya mapema. Jumapili baada ya ibada walikusanyika jikoni kwa Nelma, wote watatu, kompyuta moja, na bakuli kubwa la viazi vikuu vya kumenya kwa ajili ya sherehe. Waliomenya waliongea na aliyekuwa na mikono mikavu aliandika.

Mfano waliupata bila kuutafuta. Miaka minane nyuma kulikuwa na mwalimu kijana aliyeitwa Callum, wa sita katika wale kumi na mmoja, aliyehangaika mwezi mzima kufundisha sehemu za namba kwa pizza ya karatasi. Watoto walimtazama kwa huruma. Pizza nzima haikuwahi kufika kisiwani, seuze robo. Siku moja Enosa alirudi na kasa mkubwa, na Shangazi Dorcas akalichukua darasa zima mpaka ufukweni, akawaambia watoto wamgawe wao, kwa haki, kwa nyumba kumi na nne. Bega liende kwa nani, kifua kwa nani. Nyumba yenye wawindaji wawili ipate nini. Mjomba akiwa hayupo, fungu lake lilale wapi. Walibishana asubuhi nzima. Saa sita mchana hakukuwa na mtoto asiyejua kwamba robo ya nusu ni ndogo kuliko thuluthi, maana aliyekosea alikuwa amempunja bibi yake mwenyewe, na bibi alikuwa amesimama pale pale. Callum alitapika kidogo, kisha akaandika yote kwenye daftari.

"Mtandaoni utafanyaje hivyo?" Nelma aliuliza. "Kasa haingii kwenye kioo."

Dorcas alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Somo lenyewe ndilo kasa. Usiwape wote lote. Huyu mpe kipande hiki akakisome, yule kile, kisha warudi mezani wagawiane. Asikusanye mtu kazi mpaka wote wameshiba."

Maletta akaongeza kwamba kipande kigumu apewe mtoto anayependwa na wenzake, kwa sababu huyo ndiye watakayemsaidia bila kumcheka. Na kwamba mtandao ukikatika, kila mtoto tayari ana chake mkononi. Nelma akasema kwamba yule wa kwenye kioo afundishwe kungoja. Ilikuwa jioni njema. Viazi viliisha, kazi ikaisha, na kila mmoja akaandika yake kwa maneno yake, ingawa maneno yenyewe yalikuwa yamekwisha kukaa jikoni pamoja mchana kutwa na yalikuwa yamezoeana.

Jumatano mtandao wa shule ulipoamka, walituma zote tatu, moja baada ya nyingine, ndani ya dakika kumi na moja. Kompyuta ile ile.

Ijumaa walimfunua Enosa. Kasisi alibariki, vitambaa vikaondolewa kimoja kimoja, na mwisho jiwe likatokea jeusi linang'aa, na picha ya Enosa imechongwa kati akiwa na boti yake. Mchongaji alikuwa amempa nywele nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo. Maletta aliangalia, akaanza kucheka, akashindwa kujizuia mpaka wifi zake nao wakacheka, kisha katikati ya kicheko akalia, na Nelma alimshika kiuno asianguke. Baadaye walikula, wakacheza ngoma, na Maletta alicheza kuliko watu wote. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu alivaa rangi ya manjano.

Barua ilikuja wiki mbili baadaye. Ilikuwa na kichwa kirefu kuhusu tuhuma za kukiuka uadilifu wa kitaaluma. Mashine ya chuo ilikuwa imezilinganisha kazi tatu, ikakuta zinafanana kwa asilimia sabini na moja, na zimetoka kompyuta moja. Waliitwa mbele ya kamati, kwa video. Kila mmoja aliruhusiwa mtu wa msaada. Mtu wa msaada hakuruhusiwa kusema kitu.

Maletta alitukana kidogo na kuendelea na shughuli zake. Shangazi Dorcas aliikunja barua akaiweka kwenye Biblia, mahali anapoweka mambo ya kushughulikiwa na Mwingine. Nelma ndiye aliyeumia. Baba yake alikuwa shemasi. Nyumbani kwao hata embe lililoanguka njiani liliulizwa mwenyewe kabla ya kuliwa. Hakumwambia mumewe. Alikwenda maktaba ya shule, akafagia sakafu iliyokuwa imeshafagiwa, akapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Akikutana na watoto njiani, aliona kama wanajua kwamba wanayemwita mwalimu ni mtu wa kuibia majibu.

Kikao kilifanyika maktaba, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Kila mmoja alipaswa kuhojiwa peke yake, wenzake wasisikie. Basi Nelma alikaa mezani, na Maletta na Dorcas wakaenda kuketi kwenye ngazi za nje, chini ya dirisha la vioo vya kubembea ambalo halikufungika tangu kimbunga cha mwaka juzi.

Kwenye kioo walikuwa watatu. Bwana Ingram, mwenyekiti, mbele ya rafu ya vitabu vinene. Dokta Thwaite, macho mekundu, kama mtu aliyelazimishwa kushuhudia paka wake akichanjwa. Na Garrick kwenye kisanduku kidogo pembeni, sauti imezimwa. Bwana Ingram alifungua kwa kutoa heshima zake kwa wamiliki wa jadi wa ardhi na bahari, na kwa wazee wao, waliotangulia na waliopo. Mmoja wa hao waliopo alikuwa ngazini, ametolewa nje.

"Bi Sagigi," Bwana Ingram alisema, "katika kazi zote tatu kuna kasa."

"Ndiyo."

"Kasa yule yule?"

"Walikuwa wengi miaka hiyo, lakini huyo ni mmoja."

"Kasa huyo ni wa nani?"

Nelma aliliwaza swali. Lilikuwa swali zuri, na ufukweni lingechukua asubuhi nzima. "Unauliza nyama au hadithi?"

"Nauliza mfano. Mfano ni wa nani?"

"Aliyemvua ni kaka yangu. Nyama ilikuwa ya nyumba kumi na nne. Hesabu ilikuwa ya Shangazi Dorcas. Mimi nilikuwa nawashika watoto wasijikate vidole."

"Kwa hiyo wazo la awali si lako. Ni la Bi Dorcas."

"La awali ni la waliomgawa kasa wa kwanza," Nelma alisema. "Hao sina barua pepe yao."

Dirishani mtu alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Kuna mtu mwingine chumbani?" Bwana Ingram akauliza.

"Chumbani hakuna. Wako dirishani."

Hapo ndipo Garrick aliposogea kwenye kamera. Hakufungua mdomo. Aliinua karatasi mbele ya uso wake, akaishikilia, na karatasi hiyo ilikuwa ukurasa wa thelathini na moja, na chini ya mistari mitatu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu.

"Bwana Garrick, mtu wa msaada haruhusiwi kuzungumza."

"Hazungumzi," Nelma alisema. "Ameonyesha tu."

Dokta Thwaite alisogeza uso karibu, akasoma sentensi yake mwenyewe ya dhuluma na ukoloni, akairudia tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Shingo yake ikapanda rangi polepole mpaka masikioni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda kulikuwa na mkanganyiko katika maelekezo. Bwana Ingram alisema maelekezo hayako mbele ya kamati.

Maletta alipoingia, aliulizwa kasa ni wa nani, akasema ni wa mume wangu, na kama mnataka kubishana naye yuko mita mia nne kutoka hapa, jiwe jipya, njia ni ya kulia. Aliulizwa kwa nini hakufanya kazi hiyo mwenyewe, kwa utulivu, wiki ya tarehe ya mwisho. Akaeleza alikuwa wapi siku hiyo. Alieleza bila mzaha hata mmoja, kisanduku chekundu na yote.

Shangazi Dorcas alikuwa wa mwisho. Alianza kumweleza mwenyekiti habari za bega la kasa, akafika mahali ambapo mjomba hayupo, na hapo mtandao ukakatika. Kwenye kioo cha kamati alibaki ameganda, mdomo wazi, kidole juu. Wiki ya pili ya kozi ilikuwa imewafundisha watumishi wote wa chuo kwamba Wenyeji huthamini ukimya, na usiukatize. Wakamngoja. Walimngoja kwa heshima dakika sita nzima, vichwa vimeinama, mpaka Garrick akavunja sheria, akafungua sauti na kuwaambia kwamba ukimya huo ni wa mnara.

Hukumu ilitolewa kwa maandishi. Kamati iliridhika kwamba hapakuwa na nia ya kudanganya, ila ushirikiano usioruhusiwa umethibitika. Wote watatu wafanye somo fupi la uadilifu, lenye katuni ya bundi. Kisha kila mmoja aandike upya kazi yake, kwa mfano mwingine, na asipewe zaidi ya nusu ya alama.

Nelma na Maletta walimsikiliza bundi. Maletta aliandika mfano wa kusuka mkeka, peke yake, kama alivyoambiwa, na kwa mujibu wake ulikuwa mfano mbaya na mkeka mbaya. Walipata nusu zao. Wakamaliza wiki kumi, na vyeti vyao vikaja.

Shangazi Dorcas alikataa. Hakupiga kelele. Alisema amefundisha miaka arobaini na moja na hajawahi kumkataza mtoto kumsaidia mwenzake, na hataanza sasa kwa ajili ya ndege wa kuchora. Nelma alimbembeleza siku mbili. Alimkumbusha watoto, alimkumbusha chumba.

"Nenda wewe, mwanangu," Dorcas alisema. "Wewe una cheti sasa. Mimi nina magoti mabovu tu."

Mwezi Januari Dokta Thwaite alipiga simu. Si kwa barua pepe; alipiga mwenyewe, na alianza kuongea upesi kama watu wengine, jambo ambalo Nelma hakulitegemea. Alisema hajalala vizuri tangu kikao kile. Alisema kugawa somo kama kasa ndicho kitu bora alichokisoma katika kozi hiyo tangu aianzishe, na angependa kukiweka wiki ya nne, na Nelma aje kama mgeni kwenye duara akieleze, nusu saa. Watamtumia hati ya shukrani.

"Kazi hiyo ilipata nusu," Nelma alisema.

"Najua."

"Tena hiyo ya kasa haikupata hata nusu. Mliikataa. Nusu ni ya kitu kingine."

Kimya kikapita, na safari hii mnara ulikuwa mzima.

Nelma hakuwa mtu wa kumwadhibu anayejuta. Alimwambia atakuja, lakini kwanza mambo matatu. Kazi ile ifanywe na watu pamoja na kukusanywa pamoja. Kisanduku cha tarehe kiachwe kirudi nyuma hadi pale mtu alipokufa kweli. Na atakayeeleza habari za kasa ni Dorcas, kwa jina lake, na chini ya jina paandikwe mwalimu. Dokta Thwaite alisema la kwanza analiweza leo hii. La tatu pia. Kuhusu kisanduku, lazima apeleke kwenye kamati ya mifumo.

Kamati ya mifumo ilikaa hadi Agosti. Kisanduku hakikubadilishwa, ila chini yake uliongezwa mstari: *Mambo mengine ya kitamaduni. Eleza kwa maneno yasiyozidi hamsini.* Maletta alipouona alihesabu, akasema jina kamili la Enosa na la baba zake peke yake ni maneno kumi na mawili, kwa hiyo wamembakizia thelathini na nane ya kufia. Lakini alikiri kwamba mstari si ukuta.

Chumba kilifunguliwa. Watoto tisa, meza moja ndefu, mwalimu wa hesabu ndani ya kioo akiwa Cairns na kijifeni nyuma yake. Nelma aliwagawia vipande. Walisoma, wakarudi mezani, wakabishana, na yule wa kwenye kioo alijifunza kungoja kufikia wiki ya tatu, ambayo kwa uzoefu wa Nelma ilikuwa upesi sana. Kisha, kabla ya kukusanya kazi, aliwatawanya kila mtoto pembe yake aandike kwa maneno yake, na kazi zitumwe kwa siku tofauti, saa tofauti. Hilo halikuwa kwenye kozi. Nelma alilijua kutokana na uzoefu wake binafsi.

Kuhusu Shangazi Dorcas, sheria ilikuwa wazi: asiye na cheti hafanyi kazi katika chumba hicho. Mwalimu mkuu, mtu wa bara aliyekuwa katika mwaka wake wa pili na aliyekwisha kuanza kuelewa, aliisoma sheria mara kadhaa na kuona haisemi lolote kuhusu wageni. Hivyo kila asubuhi saa mbili na nusu Dorcas alipanda ngazi taratibu, akasimama mbele ya daftari la wageni lililofungwa kwa kamba kwenye dirisha la ofisi, akaandika jina lake, saa, na anakotoka, ambako kulikuwa ng'ambo ya barabara. Kwenye sehemu ya sababu ya kufika aliandika: kutembea. Wakambandika kifuani karatasi ya kijani yenye neno MGENI, akaingia, na watoto wakamsogezea kiti cha katikati.